Fisi wa Bibi Niliyembatiza Bila Ruhusa

Ndizi mbichi ikichomwa majivuni hutoa harufu mbili: kwanza ya ganda linaloungua, ambayo si nzuri, halafu ya utamu unaojipenyeza kutoka ndani. Hiyo ya pili ndiyo iliyotuita kwa Bibi kila jioni, kwenye mteremko wa Meru ambako migomba ilifika mpaka mlangoni, miaka ile Wajerumani walipotawala na baba zetu wakaitwa kuvunja mawe ya barabara. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Mama alisema tisa, shangazi alisema kumi, nami sina ushahidi wa kumkataa hata mmoja. Tulikuwa watoto kumi na zaidi tuliobanana kuzunguka moto wa Bibi, karibu wote tumebatizwa, naye hajabatizwa wala hana mpango. Babu alikuwa amekufa, na binti zake wameolewa mbali. Nadhani alituhitaji kuliko tulivyomhitaji, ingawa wakati ule niliona ni ndizi tu.

Hadithi iliyoleta matata ilikuwa ya fisi. Fisi wa Bibi alivaa kanzu nyeupe, akawatangazia mbuzi kwamba ameacha nyama, akawafundisha kusali wakiwa wamefumba macho. Kila sala ikiisha, mbuzi mmoja hayupo. Na kabla ya kusema neno lolote fisi huyo alikohoa mara mbili, kavu kavu. Sasa, Mwalimu Elia, aliyetufundisha kusoma na kutuongoza kanisani, naye alivaa kanzu nyeupe na kukohoa mara mbili kabla ya kusema. Niseme kwa haki: Mwalimu hakuwahi kula mbuzi wa mtu bila kukaribishwa. Alikuwa tu na bahati ya kupita wakati wa chakula. Lakini watoto ni watoto. Tukaanza kukohoa darasani, naye akauliza tumejifunza wapi, na mdogo wetu mmoja akamsimulia yote, tena kwa furaha.

Mwalimu akapeleka shauri kwa wazee watano wa kanisa, maana mzungu wa misheni alikuwa safarini Moshi. Mwalimu alitaka watoto waliobatizwa wasikanyage tena kwa Bibi. "Mtu asiyeamini," alisema, "hata fisi wake haamini." Wazee wakasema hawawezi kuhukumu wasichokisikia, Bibi mwenyewe aje Jumapili baada ya ibada, aisimulie. Bibi akakataa. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukiisimulia jua likiwaka, ng'ombe wanapotea. Basi Mwalimu akachana karatasi mbili, akanipa mimi niliyekuwa na mwandiko wa kusomeka, akaniagiza niiandike kama Bibi anavyoisema.

Nilianza vizuri. Niliandika kanzu, niliandika kikohozi, niliandika mbuzi wanavyopungua. Nilipofika mwisho nikaingiwa na hofu. Nilimpenda Bibi na sikutaka akae jioni peke yake na moto wake. Pia nilikuwa Mkristo wa miezi minne, na nilikuwa mkali kuliko wazee wote watano. Kwa hiyo nikamaliza kwa akili yangu: fisi akalia, akatubu, akabatizwa kwa jina la Petro, akaimba beti tatu, na tangu hapo akala majani. Nililia nilipoiandika. Niliona ni nzuri sana.

Jumapili nikasimama mbele ya wazee nje ya kanisa nikasoma, Bibi akiwa amekaa nyuma kabisa, mgongo kwenye mgomba. Wazee walicheka kwenye kikohozi, kisha wakakumbuka Mwalimu yupo, wakaacha. Nilipomaliza, Mwalimu mwenyewe akainuka, uso unang'aa. "Mama yetu, kumbe moyo wako umeshaingia kanisani! Tutafute siku ya ubatizo."

Bibi akasimama taratibu. "Fisi huyo si wangu," alisema. "Wangu ana meno." Akanitazama. "Mke mwenzangu, umemfanya nini fisi wangu?"

Nikakiri. Hapo ndipo Bibi, aliyekataa kusimulia mchana, aliposhindwa kuvumilia. Jua liko utosini, akasimulia mwisho wake: mbuzi jike mzee akasali jicho moja limefumba, jingine wazi, akaona, akapiga kelele, na mbuzi wote wakamtimua fisi kwa pembe mpaka mtoni, kanzu ikabaki kwenye miiba.

Mzee Sangito, mkubwa wa wale watano, aliniita. "Mahali pa jicho moja ni pa nani?" Nikasema pa Bibi. "Na pa majani?" Pangu. "Pale nilisinzia," alisema. "Mama huyu haamini tunachoamini. Lakini yule mbuzi wa jicho moja namjua, maana ndivyo ninavyosali mimi nikiwa nimeweka chakula karibu na mbwa. Watoto waende. Wakitoka huko wasali."

Mwalimu alitaka kujibu. Akakohoa mara mbili. Baraza zima likaangua kicheko, na nadhani yeye naye alitabasamu, ingawa inawezekana alikuwa anakunja uso kwa jua. Na alikuwa na haki ya kukasirika: Bibi alimkusudia kweli, aliniambia baadaye. Jioni ile ng'ombe wetu mmoja hakurudi. Bibi alisema ni kwa sababu ya hadithi ya mchana. Mwalimu alisema ni kwa sababu kaka yangu aliacha malisho akaja kusikiliza. Mpaka leo sijaweza kuamua, na ng'ombe hakuonekana. Lakini kwa Bibi tulijaa kuliko siku zote, na watoto wawili wa Mwalimu walikaa mbele, karibu na ndizi.

Sasa mimi ni bibi, nakaa mjini, Levolosi, kwa mwanangu, na vitabu viko vingi kuliko migomba. Nasikia watu wakiuliza kwanza mwandishi ni wa dini gani na chama gani, kisha wanakikataa kitabu kikiwa bado kimefungwa. Wazee wetu walikuwa na makosa yao, ila walikaa juani mpaka mwisho. Ningependa kujihesabu upande wao, lakini mwezi uliopita nilimnyang'anya mjukuu wangu kitabu cha mtu ambaye, nilisikia, anakejeli kanisa. Nilimwambia nimekichoma. Kiko chini ya mto wangu. Nimebishana na mwandishi yule karibu kila ukurasa, nimefika wa sabini na mbili, na sitakirudisha mpaka nijue kama yule mwanamke wa kitabuni atakubali kuolewa.