Povu Nililolitoa kwenye Helmeti

Povu jeupe gumu la helmeti ya mume wangu nililitoa mimi mwenyewe, kwa kisu cha jikoni. Aliniomba. Asubuhi za huku kwetu Keza zina baridi, naye alizoea kofia nene ya sufu. Helmeti haikuingia juu yake. Kijiweni bodaboda karibu wote walifanya hivyo. Tulidhani ni povu la kufungashia tu, kama lile linalokuja na redio mpya. Nikawatandikia vifaranga kwenye boksi.

Alianguka kwenye mteremko wa kwenda Murusagamba. Helmeti haikupata hata ufa. Yeye hakuamka tena.

Mwaka uliofuata walikuja kijiweni watafiti wa chuo, wanaopima jinsi kichwa na macho yanavyoumia katika ajali. Walikuwa na kichwa cha chuma chenye kipimo ndani. Walikivalisha helmeti, wakakidondosha kutoka juu ya nguzo. Wakaomba helmeti zilizotumika. Nikawapelekea ile.

Dada mtafiti aliichungulia. "Nani alitoa povu?"

Madereva wakatazama chini.

"Mimi," nikasema. "Ni ya marehemu mume wangu."

Akanipa pole. Kisha akakidondosha kichwa mara mbili: kwanza ndani ya ile, halafu ndani ya helmeti nzima. Kwenye kompyuta mstari wa kwanza wa kishindo ulipanda mpaka juu. Wa pili ulibaki chini, ila povu lilikuwa limepasuka.

"Hiyo ndiyo mbovu," akasema shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyerithi pikipiki na ubishi. "Ya kaka haijapasuka."

"Kazi ya povu ni kupondeka," dada akamjibu, "ili kishindo kisifike kwenye ubongo."

"Na baridi je? Masikio yangu utayavalisha wewe?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa namwona mtu wa pili wa kuzika.

Kesho yake nilirudi na kofia niliyoishona kwa kipande cha kanga, nyembamba, ya kufunika masikio. Dada alikivalisha kile kichwa kofia yangu, akaweka helmeti nzima juu yake, akakidondosha. Mstari ulibaki chini.

"Mama, hii inafaa."

Nilisoma mpaka darasa la saba tu. Siku ile nilitembea kama mwenye digrii. Madereva walinizunguka, kila mmoja akitaka yake. Shemeji alikuja wa mwisho.

"Yangu isiwe na maua," akasema. Wiki hiyo alinunua helmeti mpya na hakuigusa kwa kisu.

Wakati wa masika shemeji alirudi kutoka Nyabusozi akikokota pikipiki, goti linavuja damu, helmeti mkononi.

"Shemeji, niliteleza. Imepasuka."

Niliingiza mkono ndani. Povu lilikuwa limebonyea upande mzima, mahali pa sikio. Nikamkamata kichwa kwa mikono miwili, nikakigeuza huku na huku mbele ya majirani, nikipapasa kila mahali. Kilikuwa kizima.

"Unanitafuta chawa?" akauliza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope.