Vyungu Thelathini vya Lita Moja

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Nilianza na baiskeli ya kuazima, nikipita kwa wakulima kununua kokoa. Leo nina ghala Kyela mjini na jingine Ipinda, na elimu yangu ni darasa la nne. Nipe kokoa mbichi mkononi, nitakwambia ikikauka itabaki kilo ngapi. Wapo wasomi walionibishia, wameshaacha.

Kwa hiyo mwalimu wa hesabu wa darasa la sita aliposimama kwenye kikao cha kamati ya shule, ambayo mimi ni mjumbe, nilijua ataomba hela. Hakuomba. Alisema mtaala mpya unataka mtoto apime kwa mkono wake, si kukariri tu kwamba lita ni mililita elfu, na yeye ana wanafunzi tisini na jagi moja. Mwalimu mkuu alikuwa amempa nafasi moja: afundishe ujazo mbele ya walimu wa kata nzima. Somo likienda vizuri, shule yote itafundisha hivyo. Likiharibika, wanarudi kwenye kukariri. "Chaki haijawahi kutuaibisha," mwalimu mkuu alisema.

"Si utumie chupa za maji?" mzazi mmoja akauliza.

"Zinabonyea, na mdomo mwembamba. Mchele wa kupimia hauingii."

Nikasimama. "Mwalimu, unataka vipimo vingapi?"

"Hata thelathini, baba."

"Utavipata. Lita kamili. Mimi nikisema nimesema."

Nikachukua jagi lake lenye alama, nikapanda bodaboda hadi Matema, nikakodi mtumbwi hadi kwa akina mama wafinyanzi wa mwambao wa ziwa. Nikamkuta mmoja, mtu mzima, mikono imejaa udongo. Nikamwekea jagi mbele.

"Kwa ndani iwe hivi, hadi alama hii. Usiongeze, usipunguze."

Akalitazama jagi, akanitazama mimi, akaniita baba kwa lugha ya kwao. "Tata, udongo unanywea. Ukikauka unanywea, ukichomwa unanywea tena. Niachie nifanye kwa mkono wangu."

"Mkono wako unajua lita?"

"Unajua chungu."

"Fuata jagi, mama. Mimi ndiye mnunuzi."

Wenzake wakasema kitu kwa Kikisi, wakacheka, na hakuna aliyenitafsiria. Akafuata jagi.

Siku ya somo nilikaa mbele kabisa, kwenye kiti cha mgeni, nimevaa suti. Walimu wa kata walijipanga ukutani. Vyungu thelathini mezani, vyekundu, vina michoro myeupe shingoni. Mwalimu akajaza jagi maji hadi alama ya lita, akamwita msichana mmoja amimine kwenye chungu. Chungu kikajaa, na jagi bado lina maji. Msichana akaendelea kumimina, maana ameambiwa ni lita. Maji yakatambaa mezani, yakaloanisha andalio la somo, yakashukia viatu vyangu.

"Lita ya Kyela hiyo!" mwalimu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. Wakaangua kicheko.

Mimi, ninayemkatalia mkulima bei ya kokoa kavu akiniletea mbichi, nilikuwa nimepima udongo mbichi kama mkavu! Mwalimu wa watu alikuwa anaadhirika kwa ajili ya kiburi changu. Nikasimama kuomba somo liahirishwe.

"Kaa, baba," akaniambia, huku akikung'uta karatasi zake. "Somo ndiyo kwanza linaanza." Akawageukia watoto. "Kimechukua kiasi gani? Pimeni."

Kundi baada ya kundi wakajaza chungu chao, wakamimina kwenye jagi. Robo tatu. Robo tatu. Kimoja kilipungua kidogo, wakabishana mpaka wakakiweka pembeni.

"Sasa, mama mfinyanzi afanye kikubwa kiasi gani, ili kikinywea ibaki lita?"

Hilo si nalijua? "Aongeze robo iliyopotea!" nikasema kabla ya watoto. "Lita moja na robo!" Walimu ukutani wakatikisa vichwa kukubali.

Yule msichana aliyemwaga maji akanyoosha mkono. "Samahani, baba. Hiyo robo nayo itanywea."

Akaenda ubaoni. Robo tatu ya lita moja na robo: kumi na tano juu ya kumi na sita. Haifiki. Akafuta, akajaribu lita moja na theluthi. Ikatoka lita moja, kamili. Yule wa "lita ya Kyela" akatoa daftari, akanakili. Mwalimu mkuu akauliza ni nani atafundisha hivyo wiki ijayo, na mikono miwili ikanyooshwa.

Basi, nilishangaa. Nakiri.

Vyungu vya kwanza mwalimu alinikataza kuvitupa; anafundishia hesabu za sehemu. Mimi nikarudi mwambao.

"Umerudi, tata," mama akasema bila kuinuka.

"Nimerudi. Lita moja na theluthi."

"Vikubwa vina bei yake."

Nikalipa bila kupunguziwa hata senti, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. "Ndaga," akashukuru, akaanza kukanda udongo.

Awamu ya pili ilitoka lita, nimeipima mwenyewe. Ukijumlisha vyungu mara mbili, bodaboda na mtumbwi mara mbili, na mkebe wa hesabu niliomnunulia yule msichana, jumla nilimpa yeye aihakiki, akasema safari hii nimepatia: shilingi laki mbili na elfu nne mia tano.