Sipungwi kwa Harufu ya Dawa

Mwanatumu wa Shella, Malindi, aliwasinga mabibi harusi, akiwasugua mwili kwa singo ya manukato, tangu hajaota mvi hata moja. Alikuwa hana mume wala mtoto. Jina lake lote mjini lilitokana na kazi ile. Akifika nyumba ya harusi, harufu ya asumini na ya liwa, ule msandali wa kusaga, ilimtangulia ukumbini, watu wakamjua kabla hajapiga hodi. Basi ilipovuma kwamba Mwanatumu ananuka samaki, tena samaki aliyelala juani, hapakuwa na jiko ambalo halikulizungumza.

Yalianza na kusahau. Mwaka ule wa themanini na sita alikuwa amepita hamsini, na vipimo vya singo vikaanza kumponyoka. Siku moja alitia karafuu mara mbili, mwari wa watu akawashwa mgongo mzima. Ndugu yake Abdurahman, dobi katika hoteli ya watalii, akamletea mkebe ulioachwa na mgeni.

"Inaitwa kolini, dada. Wenyewe huinywa kwa kumbukumbu."

Ndani mlikuwa na unga mweupe mchachu na kijiko kidogo mno. Mwanatumu alikitazama akacheka.

"Hiki ni cha mtu aliyesahau funguo. Mimi nasahau kazi yangu!"

Akachukua kijiko cha kulia wali, cha kujaa, mara tatu kwa siku, akikoroga na maji ya ndimu na sukari.

Wiki haikwisha. Jasho likawa lamtiririka hata kivulini, tumbo lamvuruga, akiinuka nyumba yazunguka. Na ile harufu! Alioga mara nne kwa siku, akajifukiza udi mpaka macho yakamwaga machozi. Wapi! Akawa sasa anuka samaki aliyefukizwa udi.

Hindu, mke wa Abdurahman, alikuja kumtazama huku kajiziba pua kwa mtandio.

"Wifi, huyo ni jini wa baharini. Amekupenda, anataka unukie kama kwao."

"Anipende kwa lipi, na magoti haya mabovu?"

"Usifanye mzaha. Upungwe, atolewe. Siku saba, ngoma na mbuzi mweusi."

"Sipungwi! Mbuzi mtamla nyinyi, jini mumwachie kwato."

Hindu alitoka amenuna, na njiani hakunyamaza. Alasiri ile ile Bi Mwanamina, ambaye binti yake alikuwa aolewe baada ya siku kumi, akamtumia Mwanatumu salamu: asipopungwa asije, kwani yupo mwanamke wa Mambrui atakayemsinga mwari badala yake.

Hapo Mwanatumu aliumia. Alikaa kitandani akapiga hesabu ya jini huyo. Alikuja lini? Baada ya mkebe. Sasa jini gani huyu aingiaye nyumbani kwa mkebe? Akajifunga buibui, akauchukua mkebe, akaenda nao zahanati kwa Nesi Idah, mtu wa bara asiyepamba maneno.

Nesi Idah alisoma maandishi ya mkebe, akampima presha, akaguna.

"Presha iko chini, mama. Ulikunywa kiasi gani?"

Mwanatumu akamwonyesha kwa kiganja.

"Mama! Umekunywa ya watu ishirini. Hii kolini mwili unaihitaji, lakini iko kwa mayai, maini, hata samaki. Ikizidi hivi, inaleta jasho, kutapika, presha kushuka, na harufu hiyo hiyo."

"Na kumbukumbu?"

"Wataalamu wanaijaribu, hawajakubaliana. Wewe iache. Kula yai lako, na dawa ya mtu mwingine usiitie mdomoni kabla ya kuuliza."

Aliiacha siku ile ile. Kizunguzungu kilitangulia kuondoka, harufu ikafuata polepole. Siku ya nane alijitia nguo safi bila tone la marashi, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanamina. Wanawake walikuwa wameenea mkekani wakitunga asumini.

"Salaam aleikum. Nimekuja kunuswa," akasema. "Anayetaka aanze kwapani."

"Astaghfirullah!" mmoja akacheka.

Bi Mwanamina akainuka kwa aibu, akamkaribia, akanusa shingo, akanusa nywele. Akanusa tena.

"Sisikii kitu."

"Jini amejificha," Hindu akasema kutoka pembeni.

"Jini wako amebaki mkebeni, wifi. Ukimtaka nitakupa, na kijiko juu. Nilikunywa dawa bila kipimo, kosa langu nalikiri. Kosa nisilolifanya sitalipungiwa."

Bi Mwanamina akashusha sauti. "Na kusahau, dada yangu? Binti yangu ni huyu mmoja."

Mwanatumu hakuinamisha kichwa. "Kusahau ningali nasahau. Basi kaa ubavuni mwangu, nitataja kila kipimo kwa sauti kabla ya kukitia. Nikikosea, sema. Lakini mwanao nitamsinga mimi."

Bi Mwanamina akawageukia Hindu na wenzake.

"Mpelekeeni habari yule wa Mambrui. Mwambieni asisumbuke kuja."

Mwanatumu alikuwa ameshavua buibui, akiuliza jiwe la kusagia liwa limewekwa wapi.