Kidole Changu na Maboga ya Bibi

Jani la boga likivunjwa shingo hutoa harufu yake lenyewe, ya ubichi mkali unaopanda puani na kung'ang'ania vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Juzi nilinunua fungu la msusa, hayo majani ya boga, sokoni Ukunda, nikaketi barazani kuambua nyuzi za vikonyo. Sijamaliza jani la tatu, vidole vimeshakuwa vya kijani na mimi nimerudi umri wa miaka tisa, nimesimama nje ya ua wa makuti, nimekatazwa kuingia. Mniwie radhi nikilieleza jambo hili polepole. Ni ushindi wangu wa kwanza, na sipendi kuuharakisha.

Tulikuwa tukikaa Munje, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Wanaume walikuwa wakirudi msikitini wakizungumza habari za bendera mpya na serikali mpya, kila mmoja akisema sasa mambo yatabadilika. Yalibadilika kweli, isipokuwa katika kishamba cha nyuma ya nyumba yetu. Huko alitawala Bibi, mama yake baba yangu, na utawala wake haukupigiwa kura.

Kila msimu ulikuwa na kazi yake, na kila kazi ilikuwa na mtu wake. Kiangazi kikikaza tulifyeka na kukusanya takataka tukafanya biwi, Bibi mwenyewe akalitia moto, na jivu lake tukalihifadhi kwa kunyunyizia kunde zikiingiwa na wadudu. Mvua za mwaka zikikaribia, Bibi alishusha kibuyu cha mbegu kilichokuwa kikining'inia juu ya jiko, akazimwaga kwenye ungo na kuzichagua moja moja, mdomo ukisoma Bismillahi kila mara. Alipanda yeye peke yake. Mvua zikishika, sisi watoto wa kike tulipalilia na kuchuma mboga, na jioni tulirudi na matope mpaka magotini, tumechoka na tunajiona watu wazima. Mama yangu hakuwa na kazi kishambani. Yeye alikuwa wa jikoni, na mimi niliona ndivyo ilivyopangwa tu, kama vile baba alivyokuwa na kiti chake.

Sasa, boga changa lina adabu zake. Hata leo waulize wazee wa Msambweni watakwambia: boga changa halisontwi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi na kuelekeza kwa vifundo, au unainua kidevu. Ukilisonta kwa kidole kilichonyooka, linanyauka na kuanguka. Nililijua hilo tangu sijajua kuhesabu.

Lakini furaha haina akili. Asubuhi moja ya mwezi wa tano nilikuwa nikipalilia, nikafunua jani, nikaliona boga la kwanza la mwaka, dogo mno, na ua lake bado limekaa kichwani. Bibi alikuwa akizungumza na jirani yetu Bi Riziki, mwanamke mwema sana aliyekuwa akisambaza habari kuliko redio. Nikapiga ukelele, "Bibi! Lile pale!" na kidole changu kikatoka, kimenyooka kama msumari.

"Astaghafirullahi!" akasema Bi Riziki.

Bibi alikuja, akanishika mkono, akaniamuru niking'ate kile kidole mara tatu, ndiyo dawa yake. Nilikiuma mpaka machozi yakanitoka. Siku ya nne lile boga likawa la manjano, likaanguka.

Lingekuwa hilo moja, labda ningesamehewa. Likafuata la pili, la tatu, na kabla ya wiki mbili kwisha yalikuwa yameanguka saba. Ukweli ni kwamba kila mwaka maboga yalianguka kishambani kwetu, na kila mwaka alipatikana mwenye kidole: mgeni, mtoto wa jirani, mpita njia. Mwaka ule sikuwa na wa kumtupia, kwani shahidi alikuwa Bi Riziki. Ilipofika Ijumaa, Munje nzima walijua kwamba Mejumaa mjukuu wa fulani ana kidole cha kisirani.

Bibi akanitoa kishambani. "Usivuke ua huu," akaniambia, "mpaka nitakapokwambia." Jembe langu dogo akapewa mdogo wangu Fatuma, mwenye miaka sita, ambaye siku ya kwanza tu aling'oa bamia akaacha magugu, na akasifiwa kwa bidii. Niliumia, wasomaji wangu, nikisema vinginevyo nitakuwa mwongo. Wenzangu wakapita na vikapu vyao vya kunde wakiniacha mbali kidogo, na mmoja akakataa nisimshikie mche wake wa pilipili. Niliogopa kwamba jina lile litanikaa maisha, niitwe kisirani mpaka niolewe, kama kuna atakayenioa.

Nilipewa kazi ya kulisha kuku. Na hapo ndipo nilipookoka, maana maboga yaliyoanguka yalirushwa nje ya ua, kwa kuku hao hao. Niliwaona wakiyadonoa kwa pupa isiyo ya kawaida. Nikachuchumaa, nikapasua moja kwa kisu. Ndani lilijaa funza, weupe, wanarukaruka. Nikapasua jingine, vivyo hivyo. Kwenye ganda la kila moja palikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano, na juu yake tone la utomvu lililoganda.

Kwa siku tatu nililaza jicho kwenye upenyo wa makuti. Siku ya tatu, jua linachomoza, nikamwona mwenyewe: nzi mwembamba, mwekundu-mwekundu, kiuno chembamba kama cha nyigu. Akatua juu ya boga, akazungukazunguka, akakalisha matako yake hapo, akachoma. Nilitaka kupiga kelele, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Lile boga sikuwahi hata kulitazama vizuri, seuze kulisonta!

Nilikimbia jikoni nikamweleza Mama, nikitweta. Alikuwa akikuna nazi. Hakushangaa, wala hakuniuliza nzi gani. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, ndipo akasema, "Kubishana na Bibi yako hutaweza. Kamwombe boga moja tu liwe lako. Akikupa, livishe jani kavu la mgomba, ulifunge kwa kulegeza lipate kukua. Chini uliwekee kumbi la nazi lisilale kwenye maji."

Nikaenda. Bibi alikuwa mlangoni mwa ua, na Bi Riziki pembeni yake, amekuja kuazima pishi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Naomba boga moja, Bibi."

"Ulimalizie?" Bi Riziki akauliza, akacheka hata kanga ikamteleza.

Nikawaeleza juu ya nzi. Bibi akanisikiliza huku anatazama angani, akajibu kwamba funza huja kwa sababu kidole kimeshawafungulia mlango. Lakini alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Akainua kidevu kuelekea pembe ya mbali, karibu na biwi, ambako shina moja dhaifu lilikuwa na kiboga cha ukubwa wa limau. "Lile. Likianguka, humu ndani usitie mguu tena, wala mwakani."

Nikachukua jani kavu na kumbi, nikapiga magoti. Na kabla ya kulifunika nilifanya jambo ambalo hata leo sijui nilipata wapi ujasiri wake. Niligeuka nikawatazama wote wawili, nikakinyoosha kidole changu, nikalisonta lile boga waziwazi, nikahesabu mpaka kumi kwa sauti.

"Huyu mtoto ana wazimu," Bi Riziki akanong'ona, akaondoka bila pishi, kwa haraka ya mtu mwenye habari.

Sikulala vizuri wiki mbili zile. Kila asubuhi nilichungulia chini ya jani. Siku ya nne, lipo. Siku ya kumi, lipo, nalo limejaa. Kamba ikawa fupi nikaifungua nikafunga nyingine, jani likawa dogo nikaliongezea la pili. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, nikalikuta limekaa juu ya kumbi lake, kavu, halina habari. Na ya Bibi, yaliyokuwa wazi na hayakusontwa na mtu, yaliendelea kudondoka.

Asubuhi moja niliamka nikakuta kishamba chote kimevaa. Kila boga lililobaki lilikuwa na jani lake la mgomba, limefungwa vizuri kuliko langu. Bibi alikuwa akichota maji kana kwamba hakuna lililotokea.

"Nimeyafunika baridi," akasema, bila kuulizwa.

Mwezi wa nane tukavuna. Maboga hayajawahi kuwa mengi vile. Langu lilikuwa kubwa kuliko yote. Baba alilibeba begani, akalitua uani kwa kishindo, akasema kwamba hata gunia la mchele lina huruma. Watu walikuja kulitazama. Bi Riziki alifika wa kwanza, akalizunguka, akatangaza kwamba yeye tangu awali aliona mtoto huyu ana mkono wa baraka. Nilimsamehe papo hapo, kwa sababu nilijua kabla ya adhuhuri Munje nzima itakuwa imeshaambiwa. Wenzangu waliokuwa wakiniepuka wakaniomba niende nikawafungie maboga yao, nikaenda, mbele yao, nimeinua kichwa.

Bibi alilipasua boga lile mwenyewe. Akatoa mbegu, akaziosha, akazipaka jivu na kuzianika kwenye ungo. Zilipokauka akaniita. Akazitia kiganjani mwangu na kukikunja kwa mikono yake.

"Mwakani utapanda wewe," akasema. Kisha akatazama upande wa jikoni. "Utapanda na mama yako."

Nitawaambia kweli: nilikasirika. Ushindi ulikuwa wangu, kwa nini nigawane? Mvua za mwaka uliofuata nilimpa Mama mbegu chache kwa shingo upande, na nikashangaa kumwona amepiga magoti anaushika udongo kwa mikono miwili, mtu mzima yule.

Niliolewa, nikazaa, na Bibi akatangulia mbele ya haki, ndipo siku moja nikaenda Kikoneni, kwao Mama, kumtazama mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Nyuma ya nyumba nikaona maboga, yote yamevishwa majani ya mgomba. Nikamsimulia mama mdogo kisa changu, kwa majivuno. Akanisikiliza, akatabasamu kwa huzuni.

"Sisi hufunga hivi tangu enzi za nyanya yetu," akasema. "Mama yako alipoolewa Munje, mwaka ule ule wa kwanza maboga yalianguka, na mwenye kidole akawa bibi harusi. Akatolewa kishambani. Aliitwa kisirani, mwanangu, miaka kumi. Dawa aliijua, lakini nani angemsikiliza?"

Nililia pale pale, na mgonjwa ndiye aliyenibembeleza. Nilidhani nimejitetea mimi, kumbe kwa kidole changu Mama alikuwa akijitetea na yeye. Na Bibi, ambaye sikumsikia hata siku moja akimwomba mtu msamaha, alimwomba Mama siku ile, kwa maneno manne, na mimi nikanuna kwa sababu niliona ananipunguzia mbegu.

Nilirudi Munje jioni ile ile. Mama alikuwa kishambani, ameinama, anapalilia. Nikachukua jembe, nikainama kando yake, nikamwambia natoka kwao na nimeambiwa yote.