Nani Aliwaosha Watoto wa Misri

Mwosha maiti wa Kiuyu hukata kucha zake kila Ijumaa, asije akamkwaruza mtu asiyeweza kulalama. Mikono yake haitoki harufu ya karafuu maiti hata baada ya kupara samaki. Sauti yake ni ndogo, kwa kuwa amezoea kusema na wasiojibu. Akiletewa maiti wa mtoto, hujaribu maji kwa kiwiko kwanza, kisha humwambia, "Geuka, mwanangu," huku akimgeuza mwenyewe. Wiki ile alimwosha hivyo kifungua mimba wa jirani yake Moza, aliyekufa kwa kuharisha. Moza hakutoa chozi.

Alhamisi wakenda pamoja kwenye darsa la wanawake. Shehe alikuwa kwenye kisa cha Firauni, akaeleza kwamba katika Taurati ya Mayahudi imeandikwa kuwa Mungu aliwaua wazaliwa wa kwanza wote wa Misri, wa mfalme na wa mjakazi. Wanawake wakaitika, "Allahu akbar." Mwosha hakuitika.

"Shehe, huyo wa mjakazi alikosa nini?"

"Mungu haulizwi, bibi."

"Mungu simuulizi. Nakuuliza wewe uliyesoma. Watoto wote wale, nani aliwaosha?"

Shehe alipekua kurasa, akakohoa. "Hilo halikuandikwa."

"Basi aliyeandika hakuwaona," alisema mwosha, kwa sauti ile ile ndogo.

Moza akamlalia mapajani, akalia mpaka darsa likavunjika.