Mkono wa Mama Mkwe Ndani ya Tangi la Samaki

Mke wangu alitoa hukumu yake mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, na ndiyo maana niliogopa. Maji yakigusa kapeti tena, samaki wanahamia Matuu kwa kaka yake. Kaka yake anapenda samaki sana. Anawapenda na ugali.

Nilikuwa nao watano, wanne wa rangi ya chungwa na mmoja mweusi mwenye sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Waliishi sebuleni ndani ya tangi la kioo lililokaa juu ya kabati. Ndani ya kabati kulikuwa na tangi la pili, dogo, ambalo wafugaji wa samaki huliita sampu. Maji hushuka yenyewe kutoka juu, yakachujwa huko chini, kisha pampu huyasukuma kurudi juu kupitia bomba. Ni jambo rahisi kabisa ukilisoma kwenye simu.

Mara ya kwanza nilitumia mpira wa kunyweshea mboga. Pampu ilipowashwa mpira ulichomoka, ukasimama wima, ukamlowesha msomaji wa habari kwenye televisheni. Mara ya pili nilinunua bomba gumu la plastiki, lakini nikaunganisha elbo, kile kiungo cha kona, ikitazama ukutani. Kwa hiyo mara ya tatu sikutaka mchezo. Kila kiungo nilikitia gundi, bomba nikalibana kwa klipu nne, na mdomo wake nikauzamisha hadi karibu na sakafu ya tangi la juu, maana mke wangu alilalamika kwamba mchirizi unamzuia kusikia habari. Mtu ambaye angetaka kuling'oa bomba lile angeng'oa na kabati, na pengine ukuta wa jirani. Nilijipongeza. Nimefundisha fizikia shule ya upili kwa miaka mingi, na sijui nani aliniruhusu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mke wangu alikuwa sokoni akinunua vitu vya kumpokea mama yake, aliyetarajiwa saa tisa alasiri. Saa nne nilikuwa nimelala chali, kichwa kabatini, miguu sebuleni, nimevaa kaptula ya zamani iliyopasuka mahali ambapo kaptula hupasuka. Pampu ilikuwa inafanya kazi vizuri. Tangi la chini nilikuwa nimeliacha nusu, kama inavyotakiwa, ili siku pampu ikizimika maji yanayorudi yapate pa kukaa.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

Sisi Wakamba tuna kitu tunachokiita nthoni, ile heshima kati ya mtu na mama mkwe wake, na familia ya mke wangu haina mzaha nayo. Hamshikani mikono. Hamketi karibu. Mkiwa na neno, mnalipitisha kwa mtu mwingine. Kwa miaka ishirini na miwili mimi na mama huyu tulikuwa tumesemezana kupitia kwa mke wangu, kupitia kwa watoto, na wakati mmoja kupitia kwa pasta. Nilimwogopa, niseme ukweli. Nilidhani nyuma ya heshima ile kulikuwa na mwanamke ambaye bado anangoja binti yake apate bwana wa maana.

Siku hiyo hakukuwa na mtu wa kupitishia neno. Jirani yake alikuwa amempa lifti kutoka Katelembo, akafika mapema, kuku kwapani. Aliona miguu yangu, akageuka haraka akautazama mlango, kisha akamwinamia kuku.

"Kuku, uliza huyu mtu, mama ya watoto ako wapi?"

Nilifikiri kidogo. "Samaki," nikasema kutoka kabatini, "ambieni mgeni ameenda soko. Na mumwambie karibu sana."

"Kuku, sema asante. Na useme mimi sijaona kitu."

Nilitambaa hadi chumbani. Nguo iliyokuwa karibu ilikuwa suti yangu ya kanisani. Nikiwa na mguu mmoja ndani ya suruali, nikasikia maji yakimiminwa.

Msimlaumu. Mama huyu alikulia mahali ambapo maji yalibebwa mgongoni, kamba kipajini, mwendo wa asubuhi nzima. Siku bomba likitoa maji, kila chombo nyumbani kwake hujazwa: mapipa, mitungi, sufuria, hata birika. Na hapa, siku ya zamu yetu ya maji, mbele ya macho yake, ndani ya kabati lililo wazi, kulikuwa na chombo kizuri cha kioo ambacho mkwe wake mvivu alikiacha nusu.

"Samaki!" nikapaza sauti. "Ambieni mgeni imetosha! Aketi apumzike!"

Hapo ndipo nilipoharibu mambo. Kwetu mgeni akishika kazi, mwenye nyumba sharti aseme imetosha, na mgeni mwenye adabu sharti akatae. Nikasikia ndoo ya pili, kisha ya tatu.

"Kuku, mwambie hakuna shida!"

Nilitoka na suti kamili, bila viatu. Tangi la chini lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, akitazama dirisha kwa heshima, ameridhika na kazi yake. Nikainama nianze kuchota. Stima ikapotea.

Pampu ikanyamaza. Ndipo mwalimu wa fizikia akakumbuka kwamba bomba lililozama halingoji pampu. Maji hujivuta yenyewe kurudi chini mpaka mdomo wa bomba upate hewa, na mdomo huo nilikuwa nimeuzika mwenyewe. Maji yakafurika, yakatoka kabatini, yakashika njia ya kapeti. Nikalivuta bomba kwa nguvu zangu zote. Halikutikisika. Gundi ilikuwa nzuri mno.

Mama mkwe alipoona maji yanamwagika bure, mambo ya heshima yalimtoka kichwani. Alimwachia kuku, akapanda kwenye stuli, akauzamisha mkono hadi kwapani pamoja na sweta, na akauziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Maji yakasimama. Hakuhitaji fizikia ya mtu.

"Aiya!" Samaki mweusi alikuwa amekuja kumnyonya kidole. Mama akaanza kucheka, mwili mzima ukatikisika, kiganja kikaanza kuteleza. "Wewe! Shika!"

Hakumwambia kuku. Aliniambia mimi. Nikauingiza mkono wangu pamoja na koti la suti, nikaushika wake kwa juu, tukabana pamoja. Mtu niliyemwogopa miaka ishirini na miwili alikuwa na mkono mdogo kuliko wa binti yangu.

"Huyu mweusi anakula watu?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Anasalimia tu."

Tulikuwa tunacheka hivyo mke wangu alipoingia na kikapu. Alitutazama sisi kwanza, muda mrefu. Kisha akalitazama kapeti. Kona moja ilikuwa imelowa, upana wa sahani.

"Nani amemwaga maji?"

Niliwaona samaki wangu Matuu. Niliuona na ugali.

"Ni mimi," mama mkwe akasema. "Aliniambia imetosha, nikakataa."

"Nani alikuambia?"

"Si huyu bwana yako."

Mke wangu aliweka kikapu chini. "Haya, toeni mikono."

"Hatuwezi!" tukasema kwa pamoja.

Nilimweleza apashe msumari moto kwenye gesi, atoboe bomba juu kidogo ya maji ili hewa iingie. Alitoboa huku akinung'unika. Bomba likakoroma, likameza hewa, na mvuto chini ya viganja vyetu ukaisha.

"Samaki wenu watabaki," mke wangu akasema. "Sasa toeni mikono."

Nilingoja mama mkwe autoe wake kwanza, kwa heshima. Naye alikuwa ananingoja mimi.