Merikebu Haianikwi Juani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata majirani hunishuku. Nimesikia mkeo anashuka uwanja wa ndege wa Arlanda Jumamosi, na kwamba tayari umemwandikisha darasa la Kiswidi linaloanza Jumatatu. Hebu kaa kidogo nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa kijana, mchana nasafisha maofisi, jioni nasoma, nimepanga chumba na jiko hapa Stockholm, kule Norsborg, mwisho kabisa wa njia ya treni. Baba yangu alikuwa amefariki kwetu Muheza na mama amebaki peke yake. Nikajinyima mpaka nikampatia tiketi aje tuishi wote. Sikuwa na ndugu mwingine duniani. Mama akikataa kuishi nami, ningebaki yatima mwenye mama hai.

Lakini ujana nao una mambo yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami siku ya tatu nikampa mama majembe yote ya Stockholm. Asubuhi darasa la lugha, mchana maduka ya Farsta kujaribu suruali, jioni akina mama wa kanisani. Kanga zake nikazifungia kabatini. Kwenye treni alisalimia behewa zima, mtu mmoja mmoja, nikamvuta mkono: "Mama, huku watu hawasalimiani!" Nyumbani nikamkataza kumenya viazi akiwa amekaa sakafuni. Yote hayo niliyafanya kwa mapenzi, tena nilijiona hodari kweli.

Mama akaanza kunyamaza. Na mama yangu alikuwa mtu wa kuzungumza hata na sufuria, kwa hiyo akinyamaza ujue kuna jambo. Wiki ya tatu, tukinywa chai, akasema kwa upole, "Baba, niangalizie ndege ya kurudi."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwomba anipe Jumapili moja tu, nimwonyeshe kitu kitakachomfanya aupende mji huu.

Nikampeleka kuiona Vasa, ile merikebu ya vita ya mbao, ya enzi za matanga. Mfalme wao aliijaza mizinga na sanamu za kuchonga, ikawa nzito juu. Siku yake ya kwanza ya safari upepo ukaiinamisha, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama papo hapo bandarini huku watu wakiitazama. Ikalala chini ya maji zaidi ya miaka mia tatu ndipo ikainuliwa. Wakati ule haikuwa na jumba hili la fahari unalolijua wewe. Ilikaa kwenye banda lenye unyevunyevu, nasi tukaizunguka kwa pembeni.

Mama aliizunguka mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Muulize huyo binti, walipoitoa majini waliianika wapi?"

Binti aliyekuwa akiongoza wageni akatabasamu, nami nikatafsiri jibu lake. Hawakuianika. Mbao zilizozoea maji kiasi kile zikikauka upesi hupasuka. Kwa hiyo waliinyunyizia maji na dawa iliyo kama nta, miaka kumi na saba, na hata siku ile walikuwa bado wanaiacha ikauke taratibu.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na saba, Mama."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanikazia macho. "Baba, mbao wamezivumilia miaka kumi na saba. Mimi niliyekuzaa umenianika wiki ya kwanza!"

Watu wakageuka kututazama. Siku hiyo nilitamani kuzama mimi. Halafu nikacheka, machozi yakanitoka, na mama akanifuta kwa kiganja. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hilo nalijua," akasema. "Lakini nani humfunga miguu yote miwili?"

Tulipofika nyumbani nikafungua kabati, nikamrudishia kanga zake. Viazi akamenya atakavyo. Sikutaja tena darasa wala suruali, naye hakutaja ndege. Baridi ikapita. Siku moja akauliza mwenyewe, "Lile darasa lako, bado lipo?" Kusalimia behewani hakuacha. Mwaka uliofuata nilipanda naye treni, bibi mmoja Mswidi akaondoa mkoba wake kwenye kiti, akamwita mama kwa jina akae. Mimi nilisimama mpaka Norsborg.

Basi, mwanangu, mkeo akishuka mpokee mizigo, mpe chai, mwache alale. Darasa halikimbii. Mtu uliyemtoa kwenye maji yake usimkaushe kwa pupa. Mnyunyizie maneno mema, umngoje, naye atasimama imara nyumbani mwako. Akisalimia treni nzima, salimia naye. Mungu aijaze nyumba yenu vicheko, awape miaka kumi na saba ya subira, kisha awaongezee mingine.